Rauta Yako Inamwamini Nani? Maongezi na Mafundi Vijana wa Netiweki

Habari za asubuhi jamani. Shikamooni wakubwa zangu mlioko huko nyuma, na nyie wadogo zangu mambo vipi. Waandaaji wameniambia niongelee kuseti protokali za rautingi za msingi, yaani taratibu ambazo rauta zinaambiana njia, kwenye rauta na swichi, kichwa kirefu mpaka kwenye bango hakikuenea, mmeona wenyewe neno la mwisho limekatwa. Naona wengi mmetoa madaftari, mnasubiri kamandi. Kamandi ntawapa, wala si nyingi, zote zinaingia kwenye kurasa mbili na mtu yeyote mwenye simu anazipata. Ila nimekaa na mafundi wanaozijua kamandi zote kwa kichwa na bado link ikizingua wanaanza kuchomoa nyaya kwa kubahatisha, kwa hiyo leo nataka twende kwa njia nyingine kidogo.

Rauta, kifaa kinachopitisha paketi za data kati ya netiweki moja na nyingine, ikitoka kwenye boksi haijui kitu. Ukiipa intafesi, yaani poti yake, adresi, ukaandika no shutdown kuiwasha, waya ukiwa umechomekwa upande wa pili, ile sabneti, kundi la adresi za upande huo, inaingia kwenye jedwali la njia na herufi C pembeni, basi, ndo elimu yake yote hiyo. Vingine vyote, godauni la ng'ambo, seva ya makao makuu, printa ya ghorofa ya pili iliyoko VLAN nyingine, yaani netiweki nyingine iliyogawanywa ndani ya swichi, itavijua kwa kuambiwa. Na ikiambiwa inaamini. Haibishi, haiulizi mara mbili. Kwa hiyo ukikaa mbele ya ile skrini nyeusi kazi yako kubwa ni kuamua rauta hii imsikilize nani, impe uzito gani, na nani afungiwe mlango kabisa. Static, yaani njia unayoandika mwenyewe kwa mkono, na protokali za RIP, OSPF na BGP, tofauti yao mi naiona hapo hapo.

Tuwe na mfano mmoja tutembee nao mpaka mwisho. Tuseme kuna mfanyabiashara wa vipuri vya magari, duka liko Kariakoo, godauni Ubungo, tawi Morogoro. Sehemu tatu, rauta tatu. Kariakoo LAN yake, netiweki ya ndani, ni 10.10.0.0/24 (hiyo /24 ni maski, inasema biti ngapi za mwanzo ni za netiweki), Ubungo 10.20.0.0/24, Morogoro 10.30.0.0/24. Kariakoo na Ubungo zimeungwa kwa faiba, tumeipa 10.255.0.0/30, Kariakoo ni .1 na Ubungo ni .2. Ubungo na Morogoro faiba pia, 10.255.0.4/30, Ubungo .5, Morogoro .6. Halafu boss kwa uoga wake akanunua link ya akiba ya redio ya megabiti 4 moja kwa moja Kariakoo mpaka Morogoro, 10.255.0.8/30, Kariakoo .9, Morogoro .10. Poti zote za rauta ni za giga moja. Chora pembetatu hiyo kwenye daftari sasa hivi, na usiandike kamandi yoyote kabla hujachora, mi hata leo kwenye saiti mpya nachora kwanza.

Kabla ya kuseti, kusoma. Kamandi ya kwanza kuijua vizuri ni show ip route. Nasema vizuri kwa sababu watu wanaiandika halafu macho yanapita tu. Ukiona mstari kama huu

O 10.30.0.0/24 [110/3] via 10.255.0.2

unaambiwa vitu vinne. O, habari imeletwa na OSPF. 110 ni kiwango cha kuaminika kwa huyo aliyeleta habari, namba ikiwa ndogo anaaminika zaidi. 3 ni gharama ya njia yenyewe. Na 10.255.0.2 ndiye utakayemkabidhi paketi. Viwango vya kuaminika vya rauta za Cisco vikaririni, hapa sina ushauri mwingine: kilichochomekwa moja kwa moja 0, static 1, BGP ya nje 20, EIGRP 90, OSPF 110, RIP 120, BGP ya ndani 200.

Sasa hapa watu wengi wanachanganya, naomba tutulie kidogo. Hizo namba za kuaminika zinashindana pale tu vyanzo viwili vinapoleta mtandao ule ule wenye maski ile ile. Kama RIP imeleta 10.30.0.0/24 na wewe umeandika static ya 10.0.0.0/8, paketi ya kwenda 10.30.0.15 itafuata RIP, japo static ni 1 na RIP ni 120, kwa sababu zile ni njia mbili tofauti na zote mbili zimo kwenye jedwali, na wakati wa kurusha paketi rauta inachagua ile yenye maski ndefu zaidi, yaani iliyolenga zaidi. Maski ndefu kwanza. Mkielewa hili, ile stori ya YouTube ntakayowapa baadaye mtaielewa bila kuelezwa.

Haya, static. Hapa rauta inakuamini wewe, binadamu. Kariakoo unaandika

ip route 10.30.0.0 255.255.255.0 10.255.0.2

maana yake ukitaka Morogoro mpe Ubungo. Unapingi Morogoro, yaani unatuma paketi ya kuuliza kama yupo, kimya. Unaangalia kamandi, iko sawa. Unaita mkubwa wako, naye anaangalia, iko sawa. Kinachosahaulika ni kwamba paketi ikifika Morogoro lazima irudi, na rauta ya Morogoro hakuna mtu aliyeiambia 10.10.0.0/24 iko wapi. Na Ubungo hapo katikati inatakiwa ijue pande zote mbili. Yaani kwa mawasiliano ya Kariakoo na Morogoro tu unaandika Kariakoo mstari mmoja, Ubungo miwili, Morogoro mmoja, na ukiongeza tawi Dodoma kesho unazunguka rauta zote tena. Nusu ya simu ambazo fundi anapigiwa akiambiwa static haifanyi kazi, njia ya kwenda ipo, ya kurudi haipo. Anza kukagua upande wa pili.

Ya pili kwenye static, hii ni ya ujanja zaidi. Ile link ya akiba tunaweza kuipa njia yenye uaminifu mdogo kwa makusudi:

ip route 10.30.0.0 255.255.255.0 10.255.0.10 200

Ile 200 mwishoni inasema njia hii ikae pembeni, iingie kwenye jedwali pale tu ile ya kwanza ikitoka. Nzuri kwenye karatasi. Ila jiulize ya kwanza itatoka lini? Itatoka intafesi ikianguka. Na kwenye faiba zetu nyingi rauta haijachomekwa kwenye faiba yenyewe, imechomekwa kwenye kiboksi cha kubadilisha mwanga kuwa umeme au kwenye swichi ya mtoa huduma, kwa hiyo shoka likikata faiba Kimara, waya kati ya rauta yako na kiboksi bado mzima, taa inawaka kijani, intafesi iko juu, static haitoki, na rauta inaendelea kumwaga paketi shimoni kwa imani kamili. Kuna dawa yake, inaitwa ip sla, inapingi upande wa pili kila baada ya sekunde kadhaa halafu static unaifunga kwenye majibu yake, ila ukishafika huko jiulize kwa nini usiweke protokali inayoongea yenyewe.

Kwa hiyo static tuitupe? Hapana. Tawi lenye mlango mmoja tu wa kutokea, static ya difolti, njia ya chochote kisicho na njia yake kwenye jedwali, inatosha kabisa:

ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.255.0.1

Mtu akikuwekea OSPF kwenye kibanda chenye link moja anakuongezea kazi ya bure.

RIP sasa. RIP ni umbea wa mtaani. Kila sekunde 30 rauta inawaambia majirani zake kila inachokijua, na jirani anaongeza moja kwenye hesabu ya hopu, yaani rauta za kupita, na kupeleka mbele, hakuna aliyeiona njia nzima kwa macho yake, kila mmoja kasikia kwa mwenzake. RIP imeandikwa rasmi kama RFC 1058, RFC ni nyaraka za kiufundi za intaneti, mwaka 1988, toleo la pili ambalo tunalitumia limekamilika 1998. Kuiseti ni rahisi kuliko kuieleza:

router rip
version 2
no auto-summary
network 10.0.0.0

Mistari minne, rauta zote tatu zinaongea. Usipoandika version 2 utajikuta unatuma toleo la zamani lisilobeba maski, na usipoandika no auto-summary basi siku ukiwa na vipande vya 10 vimetenganishwa na link za 192.168 kila rauta itatangaza 10.0.0.0/8 nzima kana kwamba ni yake peke yake, na utasaka tatizo mpaka jioni.

Lakini rudini kwenye pembetatu yetu. RIP inahesabu hopu tu. Kutoka Kariakoo kwenda Morogoro kwa faiba unapita Ubungo, kwa link ya akiba unaenda moja kwa moja. RIP itachagua ipi? ... Naam, dada hapo mbele kasema, ile ya megabiti 4. Boss kalipia faiba, na mizigo yote ya ofisi inapita kwenye kilink cha akiba, mfumo wa mauzo unasuasua, na RIP haijakosea kitu kwa sheria zake. Halafu habari mbaya inasafiri taratibu, jirani akinyamaza RIP inasubiri sekunde 180 ndo iamini kafa, dakika tatu hizo, mteja kashaondoka dukani. Na hopu 16 kwake maana yake hakufikiki, mwisho 15. Jifunzeni RIP kwa ajili ya mtihani na kwa siku mtakayokutana na netiweki ya zamani. Kwenye netiweki mpya mi siiweki.

OSPF ndo nataka tukae. Hapa rauta haipokei hitimisho la jirani, inapokea maelezo ghafi: mimi ni fulani, nimeungana na fulani na fulani, kwa gharama hii na hii. Maelezo hayo yanasambazwa kwa kila rauta ya eneo hilo bila kuguswa, kwa hiyo zote zinakuwa na picha moja ya netiweki, halafu kila moja inakaa peke yake na kupiga hesabu ya njia fupi. Hesabu yenyewe ni ya Mholanzi Edsger Dijkstra, aliibuni 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam na mchumba wake wakinywa kahawa, bila kalamu wala karatasi, alisema ilimchukua kama dakika 20, akaichapisha 1959. OSPF toleo la 2 tunalotumia leo kwa IPv4 limeandikwa na John Moy, RFC 2328, mwaka 1998. Yaani mnachoseti leo kina umri mkubwa kuliko wengi wenu humu ndani na bado kinabeba netiweki kubwa kubwa.

Kariakoo tunaandika hivi:

router ospf 1
router-id 1.1.1.1
passive-interface default
no passive-interface GigabitEthernet0/1
no passive-interface GigabitEthernet0/2
network 10.10.0.0 0.0.0.255 area 0
network 10.255.0.0 0.0.0.3 area 0
network 10.255.0.8 0.0.0.3 area 0

Nipite mstari kwa mstari maana kila mmoja una mtego wake. Ile 1 ya juu ni namba ya ndani ya rauta hiyo tu, si lazima ifanane na za wenzake, mtu asikwambie OSPF haipandi kwa sababu huku ni 1 na kule ni 10. Router-id ndo jina la rauta kwenye ile picha, lazima liwe la kwake peke yake. Usipoliandika itachukua adresi kubwa ya lupbeki, intafesi ya ndani isiyo na waya, na kama hakuna lupbeki, adresi kubwa ya intafesi iliyo juu. Andika mwenyewe. Na wale wa kunakili konfigi ya rauta moja na kubandika kwenye nyingine, chungeni sana mstari huu, rauta mbili zikiwa na jina moja majirani wanaochomekana moja kwa moja watakataana, na zikiwa mbali mbali ndo mbaya zaidi, picha inabadilika kila sekunde chache na hakuna anayeelewa kwa nini.

Neno network kwenye OSPF limewadanganya wengi. Linaonekana kama unasema tangaza mtandao huu. Kazi yake ni kuchagua intafesi: intafesi yoyote ambayo adresi yake inaangukia humo, OSPF iwashwe juu yake, na sabneti ya intafesi hiyo ndo itangazwe. Maski yake imegeuzwa, 255.255.255.0 inakuwa 0.0.0.255, na ile /30 inakuwa 0.0.0.3. Kama inakuchanganya, nenda kwenye intafesi yenyewe uandike ip ospf 1 area 0, kazi ile ile, na binafsi naipenda zaidi kwa sababu ukisoma konfigi ya intafesi unaona kila kitu hapo hapo.

Passive-interface sasa. Kule kwenye LAN ya duka hakuna rauta nyingine, kuna kompyuta za wauzaji na kamera. OSPF haina sababu ya kurusha helo, salamu za kutafuta majirani, huko. Na kuna usalama hapo: FRRouting ni programu ya bure ya Linux inayofanya kompyuta iwe rauta, kijana mwenye laptopu akichomeka kwenye LAN inayorusha helo na akaiwasha, rauta yako itampokea kama jirani halali, akitangaza difolti kwake trafiki inaanza kumfuata, na nilishawaambia rauta haibishi. Ukiweka passive, sabneti inaendelea kutangazwa kwa wenzake lakini mlango wa ujirani umefungwa. Ndo maana naanza na default, zote zimefungwa, halafu nafungua ninazozitaka. Na kwenye zile nilizofungua naweka nywila ya ujirani, hata ile ya MD5 iliyozeeka ni afadhali kuliko kuacha wazi, kifaa kikiwa kinakubali SHA tumia SHA.

Area 0, eneo kuu la OSPF, kwa netiweki ya rauta tatu, au kumi, au hata thelathini, inatosha. Msianze kugawa maeneo ili mchoro upendeze.

Tukimaliza tunaangalia show ip ospf neighbor, tunataka kuona FULL, yaani ujirani umekamilika. Isipokuwa FULL, ile hatua iliyokwama inakuambia tatizo. Jirani haonekani kabisa? Angalia sabneti na maski pande zote mbili, area, taima za helo na dead, ambazo kwenye Ethernet ni sekunde 10 na 40 na lazima zifanane, nywila, na kama umesahau intafesi ikiwa passive. Anaonekana INIT? Wewe unamsikia, yeye hakusikii. Amekwama EXSTART au EXCHANGE? Mara nyingi ni MTU, ukubwa wa mwisho wa paketi, huku 1500 kule namba nyingine, inatokea sana mtoa huduma akiwa katikati. Amesimama 2WAY? Hapo usikimbie, kwenye swichi yenye rauta nne au tano kwenye sabneti moja, mbili zinachaguliwa kuwa wakuu, na zile za kawaida zinabaki 2WAY kati yao zenyewe, ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye link ya rauta mbili tu uchaguzi wa wakuu hauna kazi, andika ip ospf network point-to-point, pande zote mbili, na jirani anapanda haraka bila kungojea uchaguzi. Pande zote mbili! Ukiandika upande mmoja utaona FULL, utafurahi, utafunga laptopu, na njia hazitaingia kwenye jedwali. Huu mtego ni mbaya kwa sababu kamandi ya majirani inakuambia kila kitu kiko shwari.

Sasa pembetatu. OSPF imewaka, rauta zote FULL, Kariakoo itaenda Morogoro kwa njia gani? Wengi wenu mtasema faiba, maana tumeambiwa OSPF inaangalia kasi. Jibu ni kwamba itapita tena kwenye link ya akiba. Mnashangaa. Gharama ya OSPF ni megabiti 100 gawanya kwa kasi ya intafesi, ikitoka chini ya moja inahesabiwa moja. Na kasi inayosomwa ni ya poti ya rauta. Ile link ya akiba imechomekwa kwenye poti ya giga, rauta haina habari kwamba mbele ya ule waya kuna redio ya megabiti 4. Kwa hiyo kwa faiba ni 1 ya kwenda Ubungo, 1 ya kwenda Morogoro, 1 ya LAN, jumla 3. Kwa akiba ni 1 na 1, jumla 2. Imechagua mbili. Rauta imeamini bandiko la poti, na sisi ndo wenye jukumu la kuiambia ukweli:

interface GigabitEthernet0/2
ip ospf cost 100

Upande wa Morogoro pia, kwa sababu gharama inahesabiwa wakati wa kutoka tu, ukisahau upande mmoja paketi zitaenda kwa faiba na kurudi kwa redio. Ukiweka kote, show ip route inakuonyesha ule mstari niliouanza nao asubuhi hii, [110/3] via 10.255.0.2. Na kama una poti za giga kumi na za giga moja kwenye netiweki moja, zote kwa hesabu ya zamani ni 1, basi ongeza kipimo kwa auto-cost reference-bandwidth, kwenye rauta zote, usiache hata moja.

Intaneti iko Kariakoo, si ndio? Basi Kariakoo unaweka static ya difolti kwenda kwa mtoa huduma, halafu ndani ya OSPF unaandika default-information originate, na matawi yote yanajua njia ya kutokea. Ikiwa difolti haipo kwenye jedwali la Kariakoo haitatangazwa, na hilo ni jambo zuri.

EIGRP ntaipita haraka. Ni ya Cisco, inapata njia mbadala upesi sana, maelezo yake yaliwekwa wazi kama RFC 7868 mwaka 2016, lakini vifaa vya kampuni nyingine ni vichache vinavyoiongea, na huku kwetu ukifika saiti unakuta MikroTik huku, Cisco kule, Huawei katikati. OSPF inaongea na wote. Wa MikroTik mjue tu kwamba RouterOS 7 imebadilisha mpangilio wa OSPF, kuna instance, area na interface-template, mafunzo ya zamani ya toleo la 6 hayataingia yalivyo.

Swichi. Kuna kaka aliniuliza mlangoni kama swichi inafanya rautingi. Swichi ya kawaida inaangalia MAC tu, adresi ya kifaa chenyewe, haijui OSPF ni nini. Swichi ya leya ya 3, inayosoma adresi za IP, inafanya, na kwa ofisi yenye VLAN nyingi ndo mahali pake, kwa sababu kupeleka trafiki ya VLAN 10 mpaka kwenye rauta na kuirudisha VLAN 20 kwa waya ule ule ni kujaza waya bila sababu, japo kwa ofisi ndogo inatosha, unagawa intafesi ya rauta kwa encapsulation dot1Q na maisha yanaendelea. Kwenye swichi ya leya ya 3 unaunda interface vlan 10 unaipa adresi, hiyo ndo getiwei ya kompyuta za VLAN 10. Mitego ni miwili. Wa kwanza, kwenye swichi nyingi za Cisco lazima uandike ip routing, usipoandika swichi yenyewe inapingi kila mahali lakini kompyuta za VLAN 10 hazimuoni wa VLAN 20. Wa pili, ile intafesi ya VLAN haipandi mpaka VLAN yenyewe iwe imeundwa na walau poti moja ya VLAN hiyo iwe hai. Na ukitaka poti ya swichi iungane na rauta kama rauta, no switchport, halafu OSPF juu yake kama tulivyofanya.

BGP, protokali inayounganisha mitandao ya kampuni tofauti kwenye intaneti, haimo kwenye kichwa cha msingi lakini siwezi kuondoka bila kuigusa, maana huko ndo mnamuamini mtu msiyemjua. Ilianza 1989, Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM waliichora kwenye tishu za mezani wakati wa mkutano kule Austin, Texas. Iliundwa kwa dunia ya mitandao michache inayofahamiana, ikabebeshwa intaneti nzima. Februari 2008 serikali ya Pakistan iliagiza YouTube ifungwe nchini mwao. Tarehe 24 Pakistan Telecom wakatangaza 208.65.153.0/24, sehemu ya adresi za YouTube, kwenye netiweki yao ili trafiki iishie shimoni, tangazo likavuja kwa mtoa huduma wao wa juu, PCCW, naye akalisambaza duniani. YouTube wenyewe walikuwa wanatangaza /22. Maski ndefu kwanza, mnakumbuka? Dunia nzima ikaanza kuitafuta YouTube Pakistan, kwa kama saa mbili. YouTube wakajibu kwa kutangaza /24 na wao, kisha /25 mbili. Kamandi hazikuwa na kosa la kisarufi hata moja. Kilichokosekana ni mtu wa katikati kuuliza, hivi huyu mteja wangu hii adresi ni yake?

Kwa hiyo siku mtakapopewa namba ya AS, utambulisho wa mtandao wenu kwenye BGP, na adresi kutoka AFRINIC, wagawaji wa adresi za intaneti Afrika, na mkaandika neighbor fulani remote-as fulani, msiwashe kabla ya prefix-list, orodha ya adresi zinazoruhusiwa, ya kutoka na ya kuingia. Kutoka, tangaza zako tu. RFC 8212 ya mwaka 2017 inataka rauta isipokee wala isitoe kitu kwa jirani wa nje asiyewekewa sera, ila si kila kifaa kinafuata, msikitegemee. Na jihadharini, neno network kwenye BGP lina maana nyingine kabisa na la OSPF, huku linataka mtandao huo huo na maski hiyo hiyo iwemo tayari kwenye jedwali, ndo maana mtaona watu wanaweka static ya kwenda Null0, lile shimo la kutupia paketi.

Na BGP hapa kwetu ina historia. Zamani barua pepe kutoka kwa ISP, mtoa huduma wa intaneti, mmoja wa Nairobi kwenda kwa mwenzake wa Nairobi ilipanda setilaiti, ikavuka bahari, ikarudi. Novemba 2000 wakaanzisha KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki, wapeane hapo hapo, Telkom Kenya ikalalamika, mamlaka ikaifunga, ikafunguliwa tena Februari 2002. Dar tukapata kituo chetu, TIX, 2004. Kiufundi ni swichi katikati na BGP pembeni, hakuna uchawi. Faida yake mliiona Mei 2024, tarehe 12, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika karibu na pwani ya Afrika Kusini na intaneti ikasuasua Tanzania, Kenya na Uganda. Watu waliniuliza, kwa nini BGP haikuhamisha njia? Ilihamisha. Ila protokali inachagua njia kati ya zilizopo, upana wa waya haiongezi, na njia zilizobaki zilikuwa nyembamba kwa mzigo ule.

La mwisho la kiutendaji, tafadhali, ukiwa unaseti rauta ya Morogoro ukiwa umekaa Kariakoo, andika reload in 10 kabla hujagusa chochote. Ukijikata mwenyewe, baada ya dakika kumi inajiwasha upya na konfigi ya zamani, mradi hujasevu. Ikienda vizuri, reload cancel, ndipo copy running-config startup-config. MikroTik wana Safe Mode, inafanya kazi hiyo hiyo. Nauli ya Morogoro mnaijua.

Haya, fungueni Packet Tracer, ile programu ya kuiga netiweki. Kila meza ijenge ile pembetatu, static kwanza, kisha mfute muweke OSPF, na mkishaona FULL zote tatu mniite. Ntakuja kuondoa ip ospf cost upande mmoja bila kuwaambia ni upi, na nyie mtaniambia kwa kusoma jedwali tu, bila kufungua konfigi. Kaka wa mwisho pale, umeme wa meza yako unawaka? Hamia huku mbele basi.